Msalaba wa Chaki Nyekundu

Tulikuwa tumekaa chini ya turubai huko Karavia, mtaa wa mji tuliosomea chuo, kwenye kilio cha mtu ambaye katika mwaka wetu wa kwanza wa chuo tulimwita Assistant Mwamba, na ambaye alikufa akiwa profesa mwenye mvi na nyumba ya ghorofa. Waliosoma naye na waliofundishwa naye walijazana kwenye viti vya plastiki, sahani za wali na samaki magotini, wakisema mema ya marehemu kama inavyopasa. Mpwa wangu Mwamini, aliyekuwa amejiandikisha wiki ile ile katika mwaka wa kwanza wa masomo ya biashara, aliona hapo amepata shule ya bure. Akawauliza wajomba wote kwa sauti, bila haya: "Batonton, cours ya marketing iko namna gani? Nijitayarishe na nini?" Wakamjibu wote kwa pamoja. Mmoja akasema ni Kifaransa kingi juu ya mambo ambayo kila mama wa sokoni anayajua. Mwingine akamwambia akariri zile P nne, produit, prix, place, promotion, yaani bidhaa, bei, mahali na matangazo, akizijua hizo amepita. Wa tatu, mtu mnene aliyekuwa anachambua miiba ya samaki, akatikisa kichwa: "Usiogope examen. Uogope TP, ile kazi ya kwenda kuuliza bantu. Ile njo inaangushaka bantu." Wakacheka. Kisha Mwamini akanigeukia mimi, maana mimi ndiye niliyekula mkate wa marketing maisha yangu yote, nikiwauzia watu sabuni, rangi na unga kwa niaba ya makampuni. Nikamwambia atasoma vizuri tu, nikaomba chumvi. Jibu langu halikufaa kutolewa kilioni, tena lilikuwa refu kuliko sahani ya wali.

Jibu lenyewe ni kwamba ategemee hofu. Sijui kwa wengine, lakini mimi mwaka ule niliogopa kuanzia siku ya kwanza mpaka ya mwisho, na hata leo silipiti jengo lile nikiwa na njia nyingine. Auditoire yetu, yaani ukumbi wa masomo, ilijaa kabla ya jua kuchomoza. Aliyechelewa aliandika akiwa amesimama, daftari limeegemezwa kwenye mgongo wa mwenzake. Mwalimu mwenyewe alikuwa mgeni. Alikuja kwa ndege kutoka Kinshasa, akatufundisha somo la mwaka mzima kwa wiki mbili, asubuhi hadi jioni, kisha ndege ikamchukua tena. Tuliandika mpaka vidole vikavimba. Alisema mtu ana haja, na haja si sawa na tamaa, na tamaa si sawa na uwezo wa kununua. Alisema wateja hawafanani, hivyo lazima uwagawe mafungu kwa umri, kwa kazi, kwa nyumba wanamolala. Na alisema jambo moja ambalo niliona ni rahisi mno, hata nikapumzisha kalamu: kwamba kitu hakina maana yake chenyewe, maana iko machoni pa yule anayekiona. Leo ndilo pekee ninaloweza kukuambia bila kufungua daftari.

Chumbani kwetu, kwenye mabweni, tulikuwa wanne na vitanda viwili. Mbabula, jiko letu la makaa, ilikaa mlangoni, na moshi wake uliingia ndani kuliko joto lake. Tulikula bukari, yaani ugali, na dagaa wa kapenta, bukari na matamba, majani ya muhogo, na siku za mwisho wa mwezi bukari na maji ya chumvi tuliyoyapa jina la mchuzi. Ukuta kati yetu na wakubwa wa mwaka wa tatu ulikuwa wa ubao mwembamba, na kila jioni sisi wa mwaka wa kwanza, waliotuita ba bleus, tulisikiliza hukumu zetu zikisomwa upande wa pili. "Ba bleus ba mwaka huu habajue kitu," mmoja alisema. "Hapana kitu kabisa. Bataanguka sawa maembe," akajibu mwenzake, na wakacheka kama watu walioshiba. Lazima niseme pia kwamba mimi nilikuwa mwoga kwa asili. Dukani nilionyesha kitu kwa kidole ili nisiongee. Barabarani nikimwona mtu ninayemjua kidogo tu, nilivuka upande wa pili. Na mtu wa namna hiyo ndiye aliyechagua kujifunza kazi ya kuongea na wateja, kwa sababu jina la somo lilikuwa zuri.

Tuligawanywa makundi ya watano, na mkuu wa kundi letu akawa Kapinga. Kapinga alikuwa binti wa Kikasai aliyetembea na mwavuli mweusi hata mvua isipokuwepo, akiimba nyimbo za kanisa huku anapanga maisha ya watu wengine. Kazi yetu ya TP ilikuwa kuuza kitu ambacho hakikuwepo: unga wa mahindi katika mfuko wa karatasi wa kilo tano, wenye picha ya jogoo. Tulipaswa kwenda mtaa wa Hewa Bora, kila mmoja na nyumba zake kumi na moja, kuuliza maswali ishirini na mawili yaliyotoka katika kitabu cha mwalimu. Assistant Mwamba, msaidizi wa mwalimu, wakati ule kijana mwembamba mwenye koti moja, alitueleza sheria. Karatasi yenye swali lililorukwa ni karatasi iliyokufa, na karatasi moja iliyokufa inaliangusha kundi zima. "Tena nyumba yenye mumeisha, muiweke alama na chaki, sawa bale bantu ba chanjo banafanyaka, kusudi mwenzenu asirudie," alisema. Tulipotoka Kapinga alinishika mkono. "Amisi, weye unaogopaka bantu. Lakini ukiangusha groupe, mimi njo utaniogopa."

Alinipa kipande cha chaki nyeupe. Mimi nikaona kuta nyingi za Hewa Bora zimepakwa chokaa, na nyeupe juu ya nyeupe haitaonekana, basi nikaenda kwenye sanduku la auditoire nikachukua nyekundu. Nilijiona mwerevu. Alama nayo nikaiamua mwenyewe: msalaba, maana ndivyo tulivyojaza fomu zote tangu shule ya msingi, unatia msalaba kwenye kijumba unakwenda mbele. Sasa, wiki chache kabla ya hapo, mtaa mmoja karibu na njia ya reli ulikuwa umebomolewa. Watu walipita wakapaka misalaba myekundu kwenye kuta, na baadaye ikaja tinga, mashine ya kubomoa. Nilikuwa nimesikia habari hiyo. Sitajitetea hapa kwa kusema sikujua. Nilisikia kama unavyosikia ajali ya gari lililobeba watu usiowajua, unasema pole, unaendelea kuosha sahani. Nilipokuwa naweka chaki ile mfukoni, mtaa ule haukunijia kichwani hata kidogo.

Nyumba yangu ya kwanza ilikuwa ya Mama Astride. Nilisimama nje ya mlango wake muda mrefu kiasi kwamba yeye ndiye aliyenianza. "Ingia, mutoto yangu, usisimame mu jua. Unatafuta nani?" Nikamwambia ni juu ya unga. "Bunga? Bunga iko. Unataka meka ngapi?" akasema, akinyosha mkono kuchukua kopo lake la kupimia. Nikamweleza kwa kigugumizi kwamba sinunui, nauliza. Alicheka, akanikalisha kwenye chumba chenye meza iliyofunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono, akanimiminia munkoyo, kinywaji cha mahindi, katika kikombe cha bati. Ilikuwa munkoyo nzuri, chachu kidogo, yenye ubaridi wa mtungi. Maswali ya kwanza yalikwenda kama mchezo. Walikuwa saba nyumbani, yeye na wajukuu watano na kaka yake Musonda, aliyehamia kwake siku za karibuni. Walikula bukari mara mbili, Mungu akipenda. Nikamuuliza kuhusu mfuko wa karatasi wenye jogoo, akanitazama kwa huruma. "Bunga ya mu karatasi? Na nitaonaka namna gani kama iko na badudu?" Niliandika neno kwa neno. Assistant Mwamba baadaye alilisoma jibu hilo mbele ya auditoire nzima.

Kisha tukafika kwenye maswali ya kugawa wateja mafungu. Nyumba ni yako au unapanga? Kuta ni za matofali ya kuchoma au mabichi? Juu ni bati au majani? Niliyasoma yote matatu kwa pamoja bila kuinua macho, kisha nikainua. Alikuwa ameweka mikono yote miwili juu ya meza. "Juu ya nini unauliza nyumba?" "Ni swali tu, mama. Iko mu buku." "Ni nani anakutuma?" Jibu lilikuwa fupi na halina hatia: natumwa na mwalimu wa chuo. Lakini nilipoogopa maneno yalinikatikia mdomoni, na yaliyotoka yalikuwa, "Ni bakubwa, mama." Nilitaka kusema wakubwa wa chuo. Sehemu ya pili haikutoka, na mimi nikaona aibu kuirudia. Mama Astride akasema taratibu, akiitazama kalamu yangu: "Andika basi. Ni yangu. Bwana yangu aliniachia. Matofali mabichi, lakini bati ni muzima. Andika muzuri: ni yangu." Swali la kumi na nne, la tangu lini unakaa hapa, nililiruka, kwa sababu sauti yake ilikuwa imenitia hofu na nilitaka kutoka. Nje nikatoa chaki, nikachora msalaba mkubwa karibu na mlango, na chini yake namba moja. Nikafanya hivyo kwenye nyumba kumi nyingine, nikiwa na raha ya mtu aliyemaliza kazi.

Siku mbili baadaye Assistant Mwamba aliirudisha karatasi yangu ya kwanza. Swali la kumi na nne lilikuwa jeupe. "Urudi," alisema, "ao groupe yenu inaanguka." Kapinga akanikazia macho. Nikarudi Hewa Bora mchana, daftari jeusi kwapani. Kwenye kona, kabla ya kuingia barabara ya Mama Astride, kulikuwa na mwanamke anayekaanga mikate, na wenzake wawili wamesimama naye. "Ni kijana mumoja mwenye lunettes, na buku nyeusi," mwuza mikate alikuwa anasema. "Anakunywa hata munkoyo ya mama wa bantu, kiisha anamuwekea croix ku mulango." Mwingine akajibu, "Bale habana roho." Nilielewa yote kwa mara moja, mtaa wa reli, msalaba, wakubwa, maswali ya bati na matofali. Mtu mwingine angesimama pale pale akasema kosa ni lake. Mimi nilichofanya ni kuvua miwani yangu, nikaitia mfukoni, nikaficha daftari chini ya shati, nikapita nikitazama chini.

Bila miwani mimi naona dunia kama mtu aliye ndani ya maji. Kwa hiyo sikuiona nyumba mpaka nilipokuwa mbele yake kabisa, na hapo niliona mbingu mahali palipokuwa na paa. Mabati yalikuwa yamepangwa uani, moja juu ya jingine, na magodoro, na ile meza, na wale wajukuu wamekaa juu ya mafurushi bila kucheza. Juu ya ukuta alikuwa amepanda mwanamume mkubwa mwenye nyundo, anang'oa msumari wa mwisho na kuutia kwenye kopo. Nilijua bila kuambiwa kwamba ndiye Musonda. Baadaye nilijua na mengine: alikuwa ametoka katika ule mtaa wa reli, alikuwa amengoja tinga kwa kuamini kwamba haitafika, na alikuwa ameyaona mabati yake yakikunjwa chini ya minyororo. Safari hii aliapa hatangoja. Majirani walikuwa wamejaa uani, wengine wanamsaidia, wengine wanauliza kama nao waanze. Nikataka kugeuka. Mtoto mmoja akasema kwa sauti nyembamba, "Njo yeye." Watu wakageuka wote.

Musonda alishuka ukutani na nyundo mkononi. Nilihesabu hatua zake, na nikafikiri juu ya mwili wangu, mahali gani itapiga kwanza. Alisimama karibu nami kiasi cha kusikia jasho lake. Kisha akavua kofia. "Mukubwa," akaniambia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. "Mukubwa, tunajua kazi ni kazi. Siye hatukatae. Tunalomba tu wiki moja, tupate gari ya kupeleka bintu na batoto ku Mokambo. Usiite tinga leo." Nyundo alikuwa ameipeleka nyuma ya mgongo wake, na mimi mjinga nilihitaji muda kuelewa kwa nini. Mtu yule alikuwa ananiogopa. Mama Astride akatoka na kiti, akakifuta kwa kikwembe alichojifunga, akakiweka nyuma yangu. Nikakaa. Maneno yote niliyohitaji yalikuwa machache: ni chaki, mama, ni kazi ya shule, rudisheni bati. Lakini niliwaza, nikisema hivyo, hofu hii yao itageuka kitu kingine, na nyundo bado ipo. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake. Nikatoa daftari chini ya shati, nikalifungua, nikajifanya naandika, nikasema: "Sawa. Wiki moja."

Wanawake walipiga makofi yale ya taratibu, viganja vimekunjwa, wanavyompigia chifu. Mama Astride alisema, "Aksanti, papa. Mungu akubariki." Na hapo nilifanya jambo ambalo sijawahi kulisimulia mahali popote. Nilikumbuka kundi langu, nikakumbuka macho ya Kapinga, nikauliza: "Mama, uliikala hapa tangu wakati gani?" Akajibu haraka, kama mtu anayetaka kufurahisha. "Tangu binti yangu Astride azaliwe, papa. Alizaliwa mu hii nyumba." Nikaandika. Karatasi ikawa nzima, na mimi nikaondoka kwa mwendo wa polepole mpaka kona, na kutoka kona nikakimbia.

Kapinga nilimkuta anakula matamba mlangoni pa chumba cha wasichana. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama, na nilipofika katikati ya maneno yangu aliweka sahani chini. "Ngoja kwanza. Ulibapatia wiki moja ya nini, Amisi? Ya kuikala mu nyumba yao benyewe?" Nikaanza kufuta miwani. "Twende sasa hivi," akasema, akachukua mwavuli. Tulifika kwenye ngazi, na mvua ikaanza. Ilikuwa mvua ya Desemba, ile inayokuja na upepo mbele na haimwombi mtu ruhusa. Kwa muda mfupi barabara ikawa mto, magari yakasimama, mwavuli wa Kapinga ukageuka ndani nje. Tulirudi tukasimama chini ya dari tukiitazama. "Kesho asubuhi, ya kwanza kabisa," alisema Kapinga, akiuma mdomo. Mimi nilitikisa kichwa kwa huzuni, na moyoni niliishukuru mvua. Nililala nikiisikia juu ya bati letu na sikufikiri hata mara moja kwamba kuna nyumba isiyo na bati.

Asubuhi kuta za Mama Astride zilikuwa zimeyeyuka. Matofali mabichi hayana shida na miaka thelathini chini ya paa, lakini usiku mmoja wa maji yanarudi kuwa udongo. Pembe moja tu ilisimama, urefu wa kiuno. Majirani wawili waliokuwa pale walituambia kwamba familia ililala kanisani na ikaondoka alfajiri kwa lori la Mokambo, pamoja na mabati yake. Lakini kilichowashangaza watu wa barabara ile kilikuwa kitu kingine. Walikuwa wamesimama kila mtu mbele ya ukuta wake, wanapapasa. Mvua ilikuwa imeosha misalaba yote. Rangi ya wabomoaji haioshwi na maji, kila mtu alijua, na sasa hawakujua waamini nini. Kapinga akasimama katikati ya tope, akawaambia ni chaki ya shule, ni kosa, hakuna tinga, hakuna mtu aliyewaandika. Mwanamke mmoja alianza kucheka akaishia kulia. Mwanamume mmoja akanikamata shingo ya shati, akaniinua, na Kapinga akaingiza mwavuli wake uliovunjika kati yetu. "Mumuachie! Iko mujinga, haiko mubaya." Aliniachia. Nimefikiri sana juu ya maneno hayo ya Kapinga, na sina hakika kama alikuwa sahihi.

Tulikwenda kwa Assistant Mwamba siku ile ile. Alisikiliza akiwa amesimama, koti lake limelowa mabega. Alikuwa na makundi mengi, na ndege ya mwalimu ilikuwa inaondoka baada ya siku tatu. Alitutuliza, alisema pole, kisha akafikiri kama mtaalamu. Nyumba haipo tena, alisema, na watu wamehama, kwa hiyo hawamo katika soko la Hewa Bora. Tuandike tu chini ya ukurasa. Lakini jibu la wadudu tuliache, ni jibu zuri mno. Hivyo ndivyo ilivyofanyika. Tulipata alama za juu kuliko makundi yote, na auditoire ilipiga makofi. Sikumchukia wala simchukii leo, alikuwa kijana na aliogopa mwalimu wake kama tulivyomwogopa yeye. Mimi nilimaliza mwaka ule bila kukanyaga Hewa Bora. Nilibadili fremu ya miwani. Mtu akigonga mlango wa chumba chetu nilijifanya nimelala, na siku moja kondakta aliponiita "mukubwa" kwa mzaha nilishuka kwenye basi kabla ya kituo changu.

Mwezi wa nane matokeo yalisomwa kwa sauti, jina baada ya jina, na waliopita wakamwagiwa poda na jamaa zao mpaka wakafanana na wasaga mahindi. Kapinga alinijia mweupe kuanzia nyusi hata shingo, akanimwagia konzi nzima kichwani. Kisha, poda ikiwa bado inaanguka, akasema: "Kesho unaenda Mokambo. Peke yako. Mimi sitakubebea hiyo tena." Nilikwenda. Nilikaa mbele ya lori kati ya dereva na mbuzi, na njia nzima nilirudia maneno yangu kama mtu anayekariri P nne. Mokambo si mkubwa. Malori yamepanga foleni kuelekea Zambia, baiskeli zimebeba mifuko, na kila mtu anamjua anayeuza unga. Wakanionyesha.

Mama Astride alikuwa amekaa nyuma ya meza ya mbao, gunia limefunguliwa mbele yake. Aliponiona aliinuka, na uso wake ukafunguka kwa furaha. "Mukubwa!" Akawageukia wanawake wa meza za jirani. "Huyu njo ule kijana wa bureau nilibaambiaka! Bengine banakuyaka na tinga tu. Yeye alituhurumia, alitupatia wiki." Akatafuta kiti. Sikukaa. Nilimwambia nikiwa nimesimama, kwa sauti ya chini, yote: chuo, unga wa jogoo, chaki, wakubwa ambao hawakuwepo, wiki ambayo haikuwa yangu kuitoa. Mwanzoni alicheka, akidhani ni adabu ya mtu mnyenyekevu. Kisha akaacha. "Ile croix haikukuwa ya kubomoa?" "Hapana, mama. Ilikuwa ya kuhesabu." Akatazama mikono yake. "Kumbe nyumba yangu ilikuwa ya kubakia," akasema. Nikasema ndiyo. Mteja akaja, akampimia meka moja, akausawazisha unga kwa kiganja, akamfungia. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Nilikuwa nangoja anitukane, na ningeshukuru.

Mteja alipoondoka aliinama karibu nami. "Umeambia nani hapa?" Nikasema hakuna mtu. "Usiambie. Musonda iko anakuya, alienda kubeba mifuko ku barrière ya mupaka. Yeye njo alitoa ile misumari, moja moja, na mukono yake. Kila siku anaambia bantu: bila miye, dada yangu angepoteza hata mabati. Hiyo tu njo anabakia nayo." Alinishika mkono, na mkono wake ulikuwa wa baridi, na nikaelewa kwamba sasa anaogopa yeye. "Akifika, umusalimie muzuri. Akikuaksantia juu ya ile wiki, uitike. Unasikia? Uitike."

Musonda alitokea nyuma ya malori na mfuko begani. Aliuweka chini hatua kumi kutoka kwetu, akapangusa unga mikononi, akavua kofia. "Mukubwa," akasema, "aksanti kwa ile wiki."

Nikaitika.